Unuktishaji: Herufi Inapogeuka Picha

Neno KARIBUNI lilikuwa safi kabisa kwenye kompyuta yangu. Nilipobonyeza ili likue na kujaza ukuta wa ukumbi, likatoka kama limeandikwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Nikabadilisha fonti, nikafuta lenzi ya projekta, nikaomba mapazia yafungwe. Ukungu palepale. Kumbe slaidi zenye maandishi yaliyotulia zilikuwa zinasomeka hadi kiti cha nyuma, na hapo ndipo nilipopaswa kuanzia. Projekta ikiwa na kasoro, kila kitu hufifia. Siku ile lilififia neno lililohuishwa peke yake.

Fonti nyingi za kisasa hazihifadhi picha za herufi. Huhifadhi maelezo ya umbo: mstari unaanzia hapa, unapinda hivi, unaishia pale. Maelezo hayo hayana pikseli hata moja. Skrini nayo haina kingine ila pikseli. Ile ya 1920 kwa 1080 inazo 2,073,600. Ili herufi ionekane, sharti umbo lake lishushwe kwenye vijichumba hivyo, kimoja kijazwe, kingine kiachwe, cha ukingoni kipakwe kijivu. Kazi hiyo ndiyo wataalamu wanaiita rasterizesheni.

Slaidi ikiwa imetulia, kazi hiyo hufanywa kwa ukubwa uleule unaoonekana. Neno likianza kutembea au kukua, kulichora upya mara nyingi kila sekunde ni mzigo, kwa hiyo mara nyingi programu hukata njia: hulichora mara moja kwa ukubwa wa mwanzo, hulifanya picha, kisha huivuta picha hiyo. Neno la pointi 20 likikuzwa mara nne, pikseli moja hulazimika kufunika nafasi ya pikseli 16. Zingeonekana ngazi kwenye kila mzingo, basi programu huzilainisha, na ulainishaji huo ndio ukungu niliouhangaikia.

Hiyo rasterizesheni tuiiteje kwa Kiswahili? Asili ya neno la kigeni ni rastrum, reki kwa Kilatini, na kweli skrini za zamani zilichora picha mstari kwa mstari kama reki inavyopita shambani. Lakini ukisema “rasta”, Mswahili anafikiria nywele. “Kutonesha”, kutokana na tone, kunavutia mpaka ukumbuke kidonda. Mimi nashikilia kunuktisha, na nomino yake unuktishaji. Aliyepita chuoni kusoma herufi za Kiarabu anaijua kazi ya nukta: moja chini ni ba, mbili juu ni ta, tatu juu ni tha. Kwake nukta si uchafu kwenye karatasi. Ndiyo inayoitambulisha herufi. Na kile kiambishi -isha kina faida ambayo neno la kukopa halina, kwani kinadokeza kwamba kuna mtendaji na kuna wakati wa kutenda. Tatizo letu liko kwenye wakati: neno limenuktishwa mapema, likiwa bado dogo.

Ukishalisema hivyo, tiba haiko mbali. Andika neno kwa ukubwa wake wa mwisho, pointi 80, kisha chagua athari ya kuingia inayolikuza kutoka sifuri hadi ukubwa huo. Litanuktishwa likiwa kubwa, na picha itabanwa badala ya kuvutwa. Kama ni lazima lionekane dogo kwanza, tengeneza slaidi mbili, ya kwanza yenye neno dogo na ya pili yenye neno lilelile kubwa, halafu tumia ule mpito unaogeuza umbo la slaidi moja kuwa la nyingine. Njiani linaweza kufifia kidogo. Mpito ukiisha, tazama kingo za herufi: hushtuka mara moja na kuwa kali. Picha imeondolewa, na maandishi yenyewe yamenuktishwa upya mahali pake.