Kutayarisha Kondoo wa Maonesho ya Nane Nane: Nachingwea na Ruangwa

Wafugaji wa Wilaya za Nachingwea na Ruangwa wanaopeleka kondoo kwenye Maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Ngongo, Lindi, wanashauriwa kuanza na kwato. Kondoo wetu wa asili wana manyoya mafupi, si sufu, hivyo kazi ya mkasi ni ndogo: kusawazisha manyoya yaliyochomoza na kusafisha chini ya mkia. Ukwato uliorefuka ndio huharibu mkao wa mnyama, na hakuna brashi inayouficha.

Ukwato upunguzwe wiki mbili au tatu kabla ya maonesho, kidogo kidogo, na kisu kikome mara rangi ya waridi inapoonekana. Ukipita hapo, damu hutoka na kondoo hufika uwanjani akichechemea. Aogeshwe kwa sabuni laini siku moja kabla ya safari, asubuhi, apate kukauka juani. Kumpaka rangi ni kupoteza muda, kwani mnunuzi wa dume la mbegu hupapasa mgongo kwa mkono.

Kibali cha kusafirisha mifugo kiombwe mapema kwa daktari wa mifugo wa wilaya, kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003.