Kakira: Nyumba ya Madhvani Ikitazamwa Kutoka Bukoba

Mtu wa Bukoba akizungumzia utajiri wa Wahindi wa ukanda wa ziwa, huanza na maduka ya mjini kwetu. Lakini nyumba iliyotajirika kuliko zote iko ng'ambo, karibu na Jinja, na ilianza na duka lisilo la ajabu. Muljibhai Prabhudas Madhvani, Mlohana (mtu wa jamii ya wafanyabiashara wa Kihindi) aliyezaliwa Gujarat mwaka 1894, alifika Uganda mwaka 1908 akiwa na miaka 14, akaingia kazini katika kampuni ya jamaa zake, Vithaldas Haridas, huko Busoga. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na kuanzia hapo safari zilikuwa za meli. Jinja, Entebbe, Bukoba na Mwanza zilikuwa kama mtaa mmoja kwa mfanyabiashara mwenye mzigo.

Duka liliuza chumvi, vitambaa na majembe, lakini faida kubwa ilikuwa kwenye pamba ya wakulima. Mwenye duka alichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa wakubwa wake, naye akakopesha vijijini, hesabu zikafungwa msimu ukiisha. Sisi tunaoijua butura, kahawa inayouzwa ikiwa bado mtini, hatuhitaji kuelezwa nguvu ya mtu mwenye fedha kabla ya mavuno. Wengi wanaosimulia habari za matajiri hawa husifu bidii na kubana matumizi. Bidii ilikuwepo, sikatai. Ila wakulima wa Busoga nao walikuwa na bidii. Walichokosa ni mtu wa kuwakopesha kwa masharti ya jamaa.

Kutoka kwenye pamba kampuni ikaingia kwenye vinu vya kuichambua, kisha ikaja sukari. Nanji Kalidas Mehta, Mlohana mwingine, alikuwa ametangulia na kiwanda cha Lugazi mwaka 1924. Madhvani alinunua ardhi Kakira, mashariki ya Jinja, na mwaka 1930 kiwanda chake kikaanza kazi, wakati reli ilikuwa imeshafika Jinja. Baada ya hapo kila kitu kilizaa kingine. Mbegu za pamba zilitoa mafuta, mafuta yakatoa sabuni. Sukari ikatoa pipi. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme ukavuta viwanda Jinja, na nyumba ya Madhvani ikawa na kiwanda cha nguo cha Mulco, cha chuma, na kuanzia 1957 kiwanda cha bia cha Nile. Bia inataka chupa, kwa hiyo kukawa na viwanda vya kioo pia, kikiwemo Kioo cha Dar es Salaam.

Hapa historia za sherehe hupenda kutaja shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi zilizojengwa Kakira. Ni kweli zilijengwa. Hupenda pia kuruka habari za wakata miwa, wengi wao wageni kutoka West Nile, Rwanda na Burundi, watu waliokubali ujira ambao wenyeji waliokuwa na mashamba yao waliukataa. Bukoba tunawajua wageni wa namna hiyo, maana hata migomba na mibuni yetu ililimwa na vibarua kutoka Rwanda na Burundi.

Muljibhai alifariki mwaka 1958. Mwanawe Jayant akashika usukani, akaipanua kampuni, naye akafariki ghafla mwaka 1971. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Agosti, Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia katika siku 90. Manubhai, ndugu yake Jayant, alifungwa kwa muda katika gereza la Makindye kabla ya kuondoka nchini. Kakira ikabaki mikononi mwa serikali, miwa ikageuka msitu, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa sukari ikaanza kuitafuta kwa magendo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka wetu, yakaharibu na kiwanda cha sukari cha Kagera.

Kwa upande wetu hakuna familia iliyojenga kitu cha ukubwa wa Kakira. Kahawa yetu, iliyokuwa mikononi mwa wanunuzi wa Kihindi kwa miaka mingi, ilipata njia nyingine mwaka 1950 kwa chama cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union. Nacho kilionja uchungu uleule: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na ni mwaka 1984 tu vilipofufuka, chetu kikiwa Kagera Co-operative Union (KCU). Familia ya Madhvani iliitwa tena Kakira mwaka 1985. Nyumba ya matajiri na chama cha wakulima, kila kimoja upande wake wa ziwa, vilinyang'anywa na serikali na kurudishwa karibu wakati mmoja. Kwa maoni yangu, vyote viwili vilirudi kwa sababu wenyewe walikuwa hai na waliendelea kudai.

Aliyeongoza kurudi ni Manubhai pamoja na mdogo wake Mayur, ambaye wapenzi wa filamu za Kihindi watamkumbuka kama mume wa Mumtaz. Ukarabati ulichukua miaka na mikopo mikubwa. Leo makapi ya miwa ya Kakira yanazalisha umeme unaouzwa kwenye gridi ya Uganda, na maelfu ya wakulima wadogo wanaozunguka kiwanda wanakiuzia miwa. Mwaka 1997 kampuni ilinunua pia kiwanda cha Kabuye, Rwanda. Haikupokewa vizuri kila mahali: huko Amuru, kaskazini mwa Uganda, wananchi walipinga kwa miaka ardhi yao kugeuzwa shamba la miwa.

Kiwanda cha Kakira kitatimiza miaka 100 mwaka 2030, na hotuba zitakuwa nyingi. Familia za Bukoba na Muleba ambazo wazee wao walivuka kwenda Uganda kutafuta kazi zina barua, picha na vitambulisho vya kazi kwenye masanduku. Zitoeni na mziandike majina nyuma, wazee wanaoweza kuyataja wakiwa bado hai.