Kutoka Jahazini hadi Madhabahuni: Asili na Maisha ya Makasisi wa Kwanza wa Kiafrika katika Mitaa ya UMCA, 1864–1918

Ikisiri

Historia ya Ukristo katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa muda mrefu kama historia ya maaskofu wa Kizungu na vituo walivyovijenga. Makala haya yanawaangalia mashemasi na makasisi wa Kiafrika waliolihudumia Kanisa la Kianglikana chini ya UMCA, kuanzia Zanzibar hadi Masasi na nchi za Ziwa Nyasa. Swali linaloongoza mjadala ni hili: mtu aliyeporwa ukoo wake utotoni aliwezaje kuwa mchungaji wa watu walioupima utu kwa ukoo? Makala yanadai kwamba asili ya kasisi ilikuwa na uzito katika maisha ya mtaa sawa na elimu yake, na kwamba Kiswahili kiliwapa makasisi hao mahali pa kusimama pale ambapo ukoo haukuwapo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii humlaumu mtu anayeitupa asili yake kwa hiari. Haisemi lolote juu ya mtoto aliyenyang'anywa asili kwa nguvu, akafungwa kamba, akatembezwa hadi pwani na kuuzwa. Hata hivyo, watoto wa namna hiyo ndio waliokuwa chimbuko la makasisi wa kwanza wa UMCA.

Misheni hiyo ilizaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza, lililofanywa Magomero katika nchi ambayo leo ni Malawi kuanzia 1861, lilivunjika baada ya Askofu Charles Mackenzie kufariki mwaka 1862. Askofu William Tozer aliyemfuata aliamua kuihamishia kazi Zanzibar, akafika huko mwaka 1864 pamoja na Edward Steere. Mwaka huohuo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Kanisa lisilokuwa na waumini wenyeji likapata watoto wasiokuwa na wazazi.

Nia ya misheni ilikuwa kuwafundisha watoto hao ili wengine wao warudi bara wakiwa walimu na makasisi. Mpango huo ulikuwa na tatizo ndani yake. Ulichukulia kwamba Mwafrika yeyote angepokewa na Waafrika wengine kwa sababu tu ya rangi yake. Jamii za bara hazikuwatazama watu hivyo. Mgeni aliulizwa kwanza ni wa nani, mjomba wake ni nani na alipitishwa jandoni wapi.

2.0 Shule, Mbweni na malezi ya kasisi

Malezi ya makasisi hao yalifanyika hasa Kiungani, kusini mwa mji wa Zanzibar, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea. Wanafunzi walitoka makabila mengi: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo na wengine. Baadhi walichukuliwa wakiwa wadogo kiasi cha kusahau lugha za mama zao. Lugha iliyowaunganisha darasani, kanisani na uwanjani ilikuwa Kiswahili.

Ushahidi muhimu juu ya maisha yao kabla ya shule umo katika kitabu kilichohaririwa na Arthur Madan na kuchapishwa mwaka 1887, ambamo wanafunzi wa Kiungani walisimulia jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Simulizi hizo zinapaswa kusomwa kwa tahadhari. Zilitolewa mbele ya walimu, zikatafsiriwa kwa Kiingereza, na zililengwa wasomaji wa Uingereza waliokuwa wakiichangia misheni. Lakini hata kwa mipaka hiyo, zinaonyesha jambo moja waziwazi: kijana aliyeingia Kiungani hakuja na akili tupu. Alikuja na kumbukumbu za vita, njaa na njia, na pengine za kuuzwa zaidi ya mara moja.

Mahali pa pili pa malezi palikuwa Mbweni, ambapo misheni ilinunua shamba na kuwaweka watu walioachwa huru. Shule ya wasichana ya Mbweni iliongozwa kwa miaka mingi na Caroline Thackeray, na wengi kati ya wake wa walimu na makasisi walitoka huko. Jambo hili halipaswi kupita bila kutajwa. Mtu asiye na ukoo alipooa mtu asiye na ukoo, misheni ilichukua nafasi ya wazazi wa pande zote mbili. Ndoa kwa desturi huunganisha koo mbili. Hapa ilizidi kumfunga kasisi na misheni, na yeye alipoingia katika mgogoro na wakubwa wake hakuwa na wajomba wa kumtetea.

3.0 John Swedi na daraja la ushemasi

John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano wa mwaka 1864. Mwaka 1870 yeye na mwenzake George Farajallah walipewa daraja la chini ya ushemasi. Farajallah hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Swedi alifanywa shemasi na Askofu Steere mwaka 1879, naye ndiye Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufikia daraja hilo.

Miaka 15 ilipita tangu Swedi kushushwa jahazini hadi kuwekewa mikono. Aliendelea na utumishi akiwa shemasi, huku vijana waliokuja nyuma yake wakipanda hadi ukasisi. Katika utaratibu wa Kanisa, shemasi anaweza kusoma Injili, kuhubiri na kubatiza, lakini hawezi kuadhimisha Ekaristi. Kwa hiyo mtaa ulioachiwa shemasi peke yake ulibaki ukingoja ziara ya kasisi, na katika miaka hiyo kasisi alikuwa Mzungu. Daraja la ushemasi, kwa namna lilivyotumika, liliwapa Waafrika kazi nyingi za mtaa bila kuwapa mamlaka yake yote.

4.0 Cecil Majaliwa: mateka anayerudi kwao

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu walioachwa huru kutoka Zanzibar kuelekea nchi za Ziwa Nyasa. Wengi walikuwa wenyeji wa huko. Hawakufika ziwani; walifanya makazi Masasi. Mwaka 1882 makazi hayo yalishambuliwa na Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, na baadhi ya watu wakatekwa tena. Wale waliokwisha kukombolewa mara moja walilazimika kukombolewa mara ya pili. Tukio hilo lilionyesha kwamba kijiji cha misheni, kikiwa kimejitenga na watawala wa nchi, hakikuwa na ulinzi.

Katika mazingira hayo alitumwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni, akalelewa Kiungani, kisha akapelekwa kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Alifanywa shemasi mwaka 1886 na kupelekwa Chitangali, kwa mkuu wa Wayao aliyeitwa Nakaam. Mwaka 1890 alipewa ukasisi mjini Zanzibar, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa UMCA.

Tofauti kati ya Chitangali na Masasi ni muhimu. Masasi ilianza kama makazi ya watu wa misheni. Chitangali ilikuwa mji wa mkuu mwenye watu wake, na kasisi aliishi hapo kama mgeni wa mkuu. Majaliwa hakuwa na askari wala mahakama. Alichokuwa nacho ni lugha ya Kiyao, elimu, na asili iliyoweza kutambuliwa na wenyeji wake. Mtaa wa Chitangali ulikua mikononi mwake, na Nakaam mwenyewe hatimaye alibatizwa kwa jina la Barnaba. Hapakuwa na Mzungu aliyekaa pale kumsimamia kila siku. Askofu Charles Smythies alifika kwa ziara.

Hata hivyo kurudi kwao hakukumaanisha kurudi nyumbani. Majaliwa alikuwa amekuzwa pwani, na mke wake na watoto wake walikuwa wamezoea maisha ya Zanzibar. Alikuwa Myao kwa damu na kwa lugha, lakini pia mtu wa pwani kwa malezi na mtu wa Canterbury kwa elimu. Smythies alifariki mwaka 1894, na kabla ya karne kwisha Majaliwa alikuwa amerudi Zanzibar. Jambo lililo dhahiri ni kwamba ushahidi wa Chitangali, kuwa kasisi Mwafrika aliweza kuusimamisha mtaa mkubwa akiwa peke yake, haukufanywa msingi wa sera. Askofu Mkuu wa kwanza wa Jimbo la Tanzania, John Sepeku, aliyetoka katika upande huo wa Kanisa, alisimikwa mwaka 1970, miaka 80 baada ya ukasisi wa Majaliwa.

5.0 Mfano wa Rabai

Hali hiyo haikuwa ya UMCA peke yake. Upande wa Mombasa, CMS iliwategemea Waafrika waliokombolewa baharini na kulelewa India, katika shule ya Sharanpur karibu na Nasik. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, waliofanywa mashemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Jones alisafiri na Hannington kuelekea Buganda mwaka huohuo. Askofu alipouawa Busoga mwezi Oktoba, Jones ndiye aliyeurudisha pwani msafara uliobaki.

Akiwa Rabai, Jones alikabiliwa na suala la watoro waliokimbilia mtaa huo kutoka kwa mabwana zao. Wamiliki walidai warudishiwe watu wao, na misheni ikabanwa kati ya sheria ya nchi na mafundisho yake yenyewe. Mwishoni mwa 1888 na mwanzoni mwa 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya IBEA alipanga wamiliki walipwe fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kwa watoro hao, shemasi aliyepata kuwa mtumwa hakuwa mgeni. Asili iliyoweza kumdhalilisha mbele ya waungwana wa pwani ndiyo iliyompa mamlaka ya kuaminiwa na waliokimbia.

6.0 Makasisi wasiopitia utumwani

Kuelekea mwisho wa karne ya 19 kilijitokeza kizazi kingine, cha watu walioingia kanisani wakitoka majumbani mwao. Yohana Abdallah alikuwa Myao aliyesoma Kiungani na kuhudumu Unangu, upande wa Msumbiji. Alisafiri hadi Yerusalemu, na akaandika kwa Kiyao historia ya Wayao iliyochapishwa Zomba mwaka 1919. Ni vigumu kudhani kwamba kitabu cha namna hiyo kingeandikwa na mtu aliyekatwa na wazee wake. Kasisi mwenye ukoo aliweza kuketi na kuuliza, na wazee wakamjibu kama mtoto wao.

Leonard Kamungu alizaliwa Chia, karibu na Nkhotakota. Alifanywa shemasi mwaka 1902 na kasisi mwaka 1909. Mwaka 1911 aliondoka ziwani kwenda Msoro, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akauanzisha mtaa huko na kufariki mwaka 1913. Maisha yake yanaweka mpaka katika hoja ya makala haya. Kamungu alikuwa na kwao, lakini alikwenda kwa hiari mahali ambapo ukoo wake haukumsaidia. Asili, kwa hiyo, haikuwa ajali iliyoamua kila kitu. Ilikuwa mtaji ambao kasisi mmoja aliutegemea, mwingine aliukosa, na mwingine aliuacha nyuma kwa makusudi.

7.0 Kiswahili kama ukoo

Kwa wale walioukosa mtaji huo, Kiswahili kilifanya kazi isiyo ya kawaida. Jarida la Msimulizi, lililoanzishwa Kiungani mwaka 1888, lilichapisha habari kutoka vituo mbalimbali. Mwalimu wa bara na mwenzake wa pwani walijuana kwa barua zake. Wanafunzi waliotawanyika kutoka Magila hadi ziwani walibaki na ujamaa usio wa damu: shule moja, sala moja, lugha moja.

Lugha hiyo ilikuwa pia na gharama. Katika mtaa wa wasemaji wa Kiyao au Kimakua, Kiswahili cha kasisi kilimkumbusha muumini pwani, na pwani kwa wengi ilikuwa mahali ambapo ndugu zao walipelekwa wasirudi. Kasisi alilazimika kuuthibitisha wema wa lugha hiyo kwa matendo yake.

8.0 Hitimisho

Vita Kuu ya Kwanza ililipima kundi hili. Wajerumani waliwaweka wamisionari wa Kiingereza kizuizini, na mitaa ya UMCA katika koloni lao ikabaki mikononi mwa makasisi na walimu wa Kiafrika. Baadhi ya hao nao walikamatwa wakishukiwa kuwa upande wa Uingereza, na wako waliofia kifungoni. Pamoja na hayo, ibada ziliendelea na watoto wakabatizwa. Vita ilipokwisha, makanisa yalikuwa bado na watu.

Makala haya yameonyesha kwamba kuwaita makasisi hao zao la misheni ni kusema nusu ya habari. Misheni iliwapa elimu na daraja, ikawawekea pia mipaka ya kupanda. Kukubalika mtaani walilazimika kukutafuta wenyewe, kila mmoja kwa kile alichokuwa nacho: Majaliwa kwa Kiyao chake, Jones kwa kumbukumbu ya utumwa, Abdallah kwa wazee wake, Kamungu kwa miguu yake. Watafiti wa historia ya mitaa wanapaswa kuanza na swali ambalo wanakijiji walianza nalo mgeni alipofika: huyu ni wa nani? Swali hilo, ambalo misheni ililiona dogo, ndilo linalofungua maisha ya makasisi hawa kwa upana wake.