Filamu, Leseni na Majina Yaliyofichwa: Kenya na Pwani ya Kusini, 2014–2018

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla ya Uhuru. Msingi wake ni kwamba filamu isipigwe pasipo leseni, wala isionyeshwe hadharani pasipo idhini ya wakaguzi. Serikali za Kenya huru ziliirithi. Kwa hiyo apigaye filamu bila leseni, awe Diani au Nairobi, huwa amekwisha kutenda kosa kabla ya mtu yeyote kuitazama kazi yake.

Chini ya sheria hiyo kundi la wasanii la NEST, la Nairobi, lilikusanya masimulizi ya Wakenya wapendao watu wa jinsia yao, likayageuza kuwa michezo mitano mifupi. Filamu hiyo, Stories of Our Lives, ilionyeshwa Toronto Septemba 2014. Wasimuliaji hawakutajwa, na watengenezaji nao walikuwa wameficha majina yao. Huko Toronto watatu miongoni mwao, Jim Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi, walijitokeza na kujitaja. Mwezi uliofuata bodi ya ukaguzi iliipiga filamu marufuku nchini, na Gachara akakamatwa kwa tuhuma ya kupiga filamu bila leseni. Baadaye mashtaka yaliondolewa.

Uzito wa kujitaja huko wadhihirika Kwale. Februari 2015, mwezi ule ule filamu ilipotuzwa Berlin, polisi waliwakamata wanaume wawili Ukunda kwa tuhuma za mapenzi ya jinsia moja. Kwa amri ya hakimu walipelekwa Mombasa, na miili yao ikakaguliwa ili kutafuta ushahidi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikataa malalamiko yao. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani ikatamka kwamba ukaguzi huo ulivunja haki zao. Katika kesi hiyo wametambulishwa kwa herufi tu.

Filamu na kesi hiyo ni mambo mawili mbalimbali, ila zote mbili zaonyesha thamani ya jina. Sheria ilidai jina la mwombaji mbele ya afisa wa leseni. Wasanii walilitoa mbele ya watazamaji. Huo ndio uliokuwa ukaidi wao. Hata hivyo, marufuku nayo ilifanya kazi yake: mtazamaji wa Berlin aliweza kuketi akaiona filamu hiyo, na yule wa Msambweni, ambaye mambo hayo yalitendeka jirani naye, sheria ilimzuia.