Matope ya Kapingazi

Gachoka, katika eneo la Mbeere nchini Kenya, ni nchi kavu. Mvua ya Mbeere huja kwa haraka na kuondoka vivyo hivyo, na maji mengi yanayopita huko hayakunyesha huko. Yanaletwa na mto Thiba, uliopokea Rupingazi, ambao nao umekwisha kumeza Kapingazi, mto mdogo unaoteremka kutoka pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya kuelekea mji wa Embu. Yote huishia Kamburu, bwawa lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1974. Kwa hiyo anayetaka kujua habari za maji ya Gachoka hana budi kupanda mlima.

Zamani za ukoloni, Rupingazi ulisifika kwa samaki aina ya trauti. Hoteli moja mjini Embu hadi leo ina jina la Izaak Walton, Mwingereza wa karne ya 17 aliyeandika kitabu cha uvuvi. Trauti havumilii maji ya vuguvugu wala machafu, na sifa hiyo haikudumu.

Kahawa ilichangia. Waafrika wa Embu na Meru waliruhusiwa kuilima katika miaka ya 1930, tena kidogo kidogo. Mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, ndio uliofungua mlango. Buni lazima imenywe, ichachushwe, ioshwe, na kazi hiyo hula maji mengi, ndiyo maana viwanda vilijengwa mabondeni. Maji yake ya utamuutamu yakimwagwa mtoni, bakteria huyavamia na kumaliza oksijeni. Aliyeishi karibu na kiwanda msimu wa kuchuma anaijua harufu yake.

Hata hivyo, naona ugawaji wa ardhi uliamua mengi zaidi. Mashamba yalipopimwa upya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kila familia ilipata ukanda unaoshuka kutoka mgongo wa kilima hadi majini. Ilikuwa haki, maana kila mtu alifika mtoni. Lakini ukingo ukawa mali ya mamia ya watu, kila mmoja na hati yake. Nduma zikapandwa majini, mahindi yakafuata, kisha mikaratusi inayonyonya chemichemi. Mvua ikija, udongo mwekundu ulishuka hadi bwawani.

Sheria ya Maji ya 2002 ilitambua vyama vya watumiaji maji, yaani majirani wa mto mmoja waliokubali kuulinda pamoja. Kapingazi ukapata chake. Kuanzia 2004 mradi wa Mlima Kenya Mashariki, kwa mkopo wa shirika la IFAD, ulihudumia mito mitano ya upande huu, Kapingazi ukiwemo. Kazi yenyewe haikuwa na fahari: mabaraza, vitalu vya miche, makinga maji, mabingobingo ya kushika udongo na kulisha ng'ombe, mianzi na miti ya asili ukingoni. Kanuni za 2007 zilitaka mita 6 hadi 30 za ukingo ziachwe bila kulimwa. Mwenye robo ekari akipoteza mita 6, anapoteza chakula.

Ubishi mkubwa ulikuwa mikaratusi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru ing'olewe kandokando ya mito. Ila mkaratusi ni karo ya shule: hununuliwa kwa ajili ya nguzo za umeme na kuni za viwanda vya chai. Amri ya Nairobi peke yake haikutosha kuung'oa. Palipofanikiwa, jirani alimshawishi jirani, na mche wa kupanda mahali pake ulikuwa tayari.

Watafiti wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto, walichunguza hapohapo Kapingazi kama wanaonufaika chini wangeweza kuwalipa wanaotunza juu. Swali hilo ni la haki. Matope yasiyoteremka ni faida ya KenGen, kampuni inayozalisha umeme Kamburu, na ya wakazi wa Gachoka, ilhali jembe limeshikwa na mwingine. Watu wa Gachoka wadai viti katika vikao vya mlimani, na KenGen ije na mkoba wake.