Hodi Isiyo na Mgeni

Kwetu mtu hafiki mlangoni akajitoma tu ndani. Hupiga hodi, mwenyeji huitikia karibu, kisha mgeni huvua viatu akaingia. Kompyuta nazo zina adabu hiyo hiyo. Kanuni ya mawasiliano iitwayo TCP, ambayo maelezo yake rasmi yalitolewa mwaka 1981, yataka mashine moja ibishe hodi, ya pili iitikie na kutenga nafasi, kisha ile ya kwanza ithibitishe kwamba inaingia.

Sasa we fikiria mtu anapiga hodi mfululizo, kila mara kwa jina la uongo, halafu haingii! Mwenyeji anaitikia karibu, anatenga kigoda, anangoja. Vigoda vyenyewe ni vichache. Muda si muda vimekwisha vyote, vinangoja watu wasiokuwapo, na mgeni wa kweli akija anakosa pa kukaa. Hakuna kilichoibwa wala kuvunjwa, ila nyumba imefungwa huku mlango uko wazi.

Udhaifu huo waliugundua Bill Cheswick na Steve Bellovin mnamo 1994, walipokuwa wakiandika kitabu juu ya ulinzi wa intaneti. Waliandika aya moja kuhusu jambo hilo, kisha wakaiondoa.

Mimi ninayetamani siku moja kuandika riwaya, aya hiyo moja inanikosesha usingizi kuliko kitabu kizima. Hoja ya kunyamaza naielewa: nani amwonyeshe mwizi njia, na dawa haijapatikana? Lakini miaka miwili ikapita bila dawa. Mwaka 1996 jarida la Phrack likachapa maelezo ya shambulio hilo pamoja na programu ya kulifanya. Septemba mwaka huo huo Panix, kampuni ya New York iliyokuwa ikiwaunganisha watu na intaneti, ikamiminiwa hodi za uongo kwa siku kadhaa, hata mitambo yake ya barua ikazidiwa.

Kumbe dawa haikuwa mbali! Mwezi huo huo D. J. Bernstein na Eric Schenk wakabuni njia: mwenyeji asitenge kigoda mapema. Aitikie tu karibu, na ndani ya jibu lake atie namba aliyoikokotoa kwa siri. Atakayerudi na namba hiyo ndiye mgeni, na hapo ndipo apewe kigoda. Aliyetumia jina la uongo jibu halimfikii, basi hana cha kurudisha. Mwaka 1998 ukatolewa pia waraka wa kuwashauri watoa huduma wasipitishe ujumbe wenye anwani ya kughushi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua. Siwatetei waliomwaga silaha hadharani, maana iliwaumiza wasio na kosa. Ila kunyamaza nako hakukuilinda Panix. Baina ya kuficha na kugawa silaha ipo njia ya tatu, nayo leo mafundi wengi huifuata: mwambie kwanza aliyeitengeneza programu, mpe muda wa kutafuta dawa, kisha andika waziwazi, kila mtu asome. Aya ikiondolewa kitabuni, sawa. Lakini isitupwe. Ipelekwe kwa fundi.