Chapa Juu ya Kofia

Mwaka 1865 John B. Stetson alianza kutengeneza kofia mjini Philadelphia, Marekani. Ile iliyovuma, Boss of the Plains, ilitoka kiwandani tupu, haina mkunjo wala nakshi. Mchunga ng'ombe ndiye aliyeikunja apendavyo, na mvua na jasho vikaikamilisha. Chapa ya moto ilikuwa ya ng'ombe, desturi iliyopokewa kutoka kwa wachungaji wa Mexico, nayo ilimtaja tajiri, si kibarua aliyeipiga. Leo fundi hushika kalamu ya moto akaichoma kofia yenyewe, kisha akaitia rangi. Rangi hufunikwa kwa rangi. Manyoya yaliyoungua hayarudi. Kwa hiyo mkono hutulia kwanza. Chapa iliyomtaja mwenye mali sasa yamtaja mvaaji.